Kisanduku Tulichokiita Ijumaa

Mwalimu wa Kwaya alikuwa na tabia ya kuchomoa waya. Mchana mweupe, stima ipo, hakuna wingu juu ya mashamba ya chai, sisi tuko katikati ya wimbo, naye anasogea ukutani polepole kama mtu anayetafuta kiti. Anaishika plagi ya kinanda. Anaivuta. Kinanda kinazimika, mpigaji anabaki ametandaza vidole bila kujua avipeleke wapi, na Mwalimu anarudi mbele yetu akipunga mikono kana kwamba hajafanya lolote. Ole wake aliyenyamaza.

Wimbo ulipoisha alirudisha plagi na kubonyeza noti moja. Kama sauti zetu na ya kinanda zilikutana, alisema "Haya," akaendelea na wimbo mwingine. Kama zilipishana, alitutazama kwa huruma ya kuudhi.

"Kinanda kimewaacha kilimani," alisema. "Mbona nawakuta mtoni?"

Mchungaji mmoja mgeni, aliyekuwa ameketi nyuma akisikiliza mazoezi, alimwuliza kama kinanda kina hitilafu.

"Kinanda ni kizima, Mchungaji. Nawapima hawa."

"Si ungengoja tu stima ipotee yenyewe? Huku kwenu haikawii kupotea."

"Wewe hungoja mvua ndiyo ujue paa linavuja?"

Mchungaji alicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tulijua atachomoa tena.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikituma ujumbe, nausoma upya kama ndimi niliyetumiwa, nikitafuta mahali ambapo ungeweza kumkera mtu. Mwanzo wa picha hii ya Mwalimu nimeufuta na kuuandika hadi mama yangu akauliza kama ninaandika wosia. Kwa mtu kama mimi, Mwalimu alikuwa kitisho na pumziko kwa pamoja. Alikuwa anayaendea yale niliyoyaogopa, anayachomoa kwa mkono wake mwenyewe, kisha anasimama kutazama tutafanya nini.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Watu wa kwetu wakianza habari za ukoo hawamalizi, na nina haraka ya kufika kwenye sauti yake.

Sauti yake ilikuwa nene chini na nyembamba juu, kama barabara ya kwetu inavyopanda kutoka mtoni. Aliimba sauti ya pili, lakini sauti yoyote iliyokosa mtu aliijaza. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha ubaoni, kilichonyooka. Mtu akisema "hii kiti," alirudia "kiti hiki" chini chini bila kumtazama, kama anayemfuta mtoto makamasi. Ila mimi aliniita "baba." Kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, baba ni mama, na msichana huitwa hivyo kwa mapenzi. Fundi mmoja wa kutoka Pwani, aliyekuja kutufungia spika, alimsikia akiniambia, "Baba, lete ngazi," akageuka kumtafuta mzee nyuma yangu.

Kanisani wengine wote waliniita Tena. Sababu utaiona.

Nilijifunza kurekodi sauti peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikitazama mafundisho ya watu wa mbali wanaozungumza haraka kuliko ninavyofikiri. Mwalimu ndiye aliyewaomba wazee wa kanisa wanipe stoo iliyokuwa ya majembe na viti vibovu. Nilibandika trei za mayai ukutani, nikatundika blanketi mlangoni, nikaweka kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumiwa na watu wengine. Kwaya zilikuja kutoka Mosocho, nyingine hata Nyamache, zikashangaa kwamba zinaimba katikati ya trei za mayai, kisha zikajisikia zenyewe na kunyamaza.

Kompyuta ile haikufa siku stima ilipopotea. Ilikufa stima iliporudi. Jambo hilo sikulijua, na nadhani wengi hawalijui. Tunaogopa giza, tunasahau kwamba stima iliyokuwa imeondoka hurudi kwa pupa, kama mgeni anayesukuma mlango ambao haukufungwa. Nilisikia mlio mdogo, nikaona moshi mwembamba nyuma ya kompyuta, na nyimbo za kwaya ya vijana zikaenda na moshi ule. Nililia mbele ya watu. Mwalimu hakunibembeleza. Alinipa chai, akangoja niinywe yote, kisha akauliza, "Kuna dawa?"

Nilimwambia ipo, na inaitwa UPS.

Kanisa lilichanga. Kisanduku kilipofika kutoka mjini Kisii kikiwa kimefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira, Shemasi alikipokea akadhani amebebeshwa jiwe la kusagia. Shemasi ndiye mtunza funguo wa kanisa letu, bingwa wa besi, mtu mwema asiyeacha kitu mahali alipokikuta. Tulikiweka chini ya meza, nami nikaeleza, kwa sababu nilikuwa nimesoma usiku na mchana na nilitamani mtu aniulize.

Ndani mna betri, nikasema. Stima ikiwapo hupitia kwenye kisanduku kwenda kwenye kompyuta, na betri hushiba taratibu. Stima ikikatika, betri hushika kazi kabla kompyuta haijajua kwamba kuna msiba. Na stima ikija imepanda kupita kiasi, au imelegea kama inavyolegea kwetu mchomelea vyuma wa sokoni akianza kazi, kisanduku huisawazisha, au huikataa kabisa na kutumia betri yake.

"Kwa hivyo stima ikipotea sisi tunaendelea tu," Shemasi alisema.

"Kwa dakika chache."

"Halafu?"

"Unahifadhi kazi yako, unafunga, unazima kompyuta vizuri."

Shemasi alivunjika moyo waziwazi. "Yaani tumechanga yote hii ndiyo tuzime? Kuzima si hata bila hii kitu ingezimika?"

"Kitu hiki," Mwalimu alisema. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakitazama kile kisanduku. "Shemasi, Ijumaa mke wako hufanya nini?"

"Ijumaa? Anapika. Anafua. Anapiga nguo pasi. Ananituma kuni."

"Na jua likizama?"

"Anaacha yote. Sabato imeingia."

"Kama hakungekuwa na Ijumaa, Sabato ingemkuta wapi?"

Shemasi alifikiri. "Ingemkuta na sufuria mkononi."

"Na wewe?"

"Mimi ingenikuta juu ya mti, nikikata hizo kuni."

"Basi. Hiki ni Ijumaa. Hakikupi siku ya kufanyia kazi. Kinakupa saa ya kuimaliza."

Mimi niliyesoma yote yale sikuwa nimelisema vizuri hivyo, na mpaka leo sijapata maelezo mengine. Kisanduku kikawa Ijumaa. Hata kwaya za Kikatoliki zilizokuja kurekodi ziliuliza, "Ijumaa yuko sawa leo?"

Jina lenyewe lilituletea balaa ndogo. Kila Ijumaa jioni Shemasi alizunguka kanisa lote akizima. Kwa kuwa alimpenda yule wa chini ya meza, na kwa kuwa alishika maagizo kwa moyo wote, aliona si haki wengine wapumzike naye afanye kazi. Akawa anachomoa plagi yake ukutani na kwenda zake. Hakujua kwamba kisanduku kikiachwa hakijazimwa, kuchomolewa ukutani kwake ni sawa na stima kupotea. Kinaanza kutumia betri, tena kinalia ili mwenye nyumba asikie.

Jioni moja tukiwa tumeinama kufungua Sabato kwa maombi, tukasikia: ti... kimya... ti. Mzee mmoja alipapasa koti akitafuta simu. Mwingine alinong'ona kwamba ni nyenje. Amina iliposemwa Mwalimu alikwenda moja kwa moja stoo, na sisi nyuma yake.

"Nani amemchomoa?"

"Mimi, Mwalimu," Shemasi alijibu, hana hofu hata kidogo. "Kila wiki humpumzisha. Hata yeye ana Sabato yake."

"Umemnyima mtu chakula, halafu unashangaa analia."

"Si nimempumzisha?"

"Umemwachisha kula, hukumwachisha kazi. Yuko macho hapa usiku kucha na njaa."

Nilieleza, ingawa nachukia kumsahihisha mtu mzima, kwamba betri ya namna ile ikilala tupu mara kwa mara huzeeka kabla ya wakati. Shemasi alisikitika kana kwamba ameambiwa ng'ombe wake amekufa kwa mkono wake. Wiki iliyofuata, siku ya jua, Mwalimu alifanya alichofanya siku zote. Aliniambia nifunge kazi zangu, kisha akachomoa plagi kupima. Ijumaa alilia kidogo akaanguka hapo hapo, hata kompyuta haikupata nafasi ya kuaga. Betri ilikuwa imekwisha. Tulinunua nyingine, na Shemasi akabandika ukutani kipande cha katoni alichokiandika kwa herufi kubwa: USIMNYIME CHAKULA. Kipo hadi leo. Tangu hapo tulimpima Ijumaa kila mwanzo wa mwezi, jua likiwaka, kwa mkono wa Mwalimu mwenyewe.

Asubuhi ya harusi moja, mama wa sauti ya kwanza alichomeka pasi ya nguo kwenye kisanduku kwa sababu tundu la ukutani lilikuwa mbali. Kililia mlio mmoja mrefu kikajizima. Pasi, birika, jiko, vitu vyote vya kupasha moto, havibebwi na betri ndogo. Mwalimu alimwambia, "Ijumaa ni ya kufunga mizigo. Wewe umembebesha harusi yote."

Nikimweka hivi anaonekana kama mtu wa hekima moja, aliyenyooka. Hakuwa hivyo. Alitembea na mwavuli kiangazi, lakini simu yake haikuwa na chaji siku yoyote uliyomhitaji. Alikataa sifa, na aliwakumbuka kwa majina wote waliosahau kumsifu. Alimfokea mtu mazoezini hadi ukamhurumia, kisha jioni ungemwona anapanda kilima na fungu la mboga za managu kumpelekea mtu huyo huyo aliyekuwa na mafua. Na huyu aliyetufundisha kufunga kazi mapema hakuweza kufunga wimbo. Tukifika mwisho, midomo imekauka, alinyoosha kidole.

"Bado nina ubeti mmoja."

Na kutoka upande wa besi, kila mara, Shemasi alinung'unika, "Mwalimu, jua linazama."

Ilikuwa mzaha wetu wa miaka mingi. Hata siku za Jumatano saa nane mchana, jua lilikuwa linazama.

Kisha shingo yake ikaanza kuvimba. Alifunga kitambaa, akasema ni baridi. Uvimbe ulipokizidi kitambaa alikubali kwenda mjini, na daktari akamwambia utolewe, kwamba ukiachwa utamziba pumzi. Akamwambia pia kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na mahali pa kisu. Sauti inaweza kurudi kama ilivyokuwa. Inaweza isirudi.

Alikuja stoo akiwa na habari hiyo kama mtu aliyeleta redio ya kutengenezwa.

"Baba, nina wimbo mmoja ambao haujashikwa na mashine yoyote. Nataka uushike kabla hawajanishika mimi."

Niliujua. Sote tuliujua. Aliutunga mwenyewe zamani, kuhusu mama aliyeamka moto umezimika jikoni akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto, akalibeba juu ya kigae kilima kizima huku upepo unavuma. *Jirani, nigawie kaa, giza lisinikute.* Aliuimba watoto wakiwekwa wakfu, kwenye harusi, makaburini. Kwaya iliitikia, na ubeti wa mwisho, mama anapofika nyumbani, aliuimba peke yake. Hakuutoa kwa mtu. Tulisimama na kumsikiliza.

Kwaya niliirekodi mwanzoni mwa wiki. Zamu yake ilibaki siku ya Ijumaa, kwa sababu Jumapili asubuhi alitakiwa kulazwa. Alikuja mchana baada ya kupeleka majani ya chai kituoni, koti la mvua mkononi, kitambaa shingoni. Alivaa hedfoni zangu kama anayevikwa taji asilolitaka.

Hapa ndipo utakapoona jina langu lilikotoka. Aliimba ubeti wa kwanza, ulikuwa mzuri, nikasema, "Tena." Kulikuwa na kiti kilicholia. Akaimba. "Tena, Mwalimu, tafadhali. Kuna pumzi kabla ya 'jirani.'"

"Mtu aliyebeba kaa la moto hupumua, baba."

"Najua. Tena."

Hakulalamika. Alitaka uwe mzuri kuliko nilivyotaka mimi, na mimi nilitaka usiwe na doa lolote, kwa kuwa ulikuwa huu tu, hakuna mwingine. Nilikuwa nahifadhi mara chache kuliko inavyotakiwa, maana kuhifadhi kulionekana kwangu kama kukubali. Ubeti baada ya ubeti mchana uliliwa. Nje mawingu yalishuka hadi kwenye migomba, kama yanavyofanya kwetu kila alasiri, na mabati yakaanza kupokea mvua ya mawe. Blanketi za mlangoni zilizuia kelele kiasi. Tulikuwa kwenye ubeti wa kabla ya mwisho, mama yuko karibu na boma lake, upepo umekaribia kulishinda kaa.

Radi ilipiga kilima cha pili. Balbu ikazimika.

Mwalimu hakutetereka. Alikuwa ametuchomolea kinanda maisha yetu yote, na sasa alichomolewa yeye, akaendelea kupanda na kaa lake gizani, noti haikushuka hata unywele. Kioo cha kompyuta kilibaki kinang'aa. Na chini ya meza, katika kila pumzi aliyoivuta: ti... ti... ti.

Alimaliza ubeti. Alifumbua macho.

"Haya, wa mwisho."

Kazi ya mchana wote ilikuwa wazi, haijafungwa. Ijumaa alikuwa na nguvu kwa sababu tulimpima, lakini kompyuta yangu ni mlafi, na mlio ulikuwa umeanza kukaribiana, titi, titi, ile sauti yake ya kusema nimebeba hadi hapa. Ubeti mmoja ungeweza kuingia. Ungeweza pia kukatikia katikati na kuchukua zote zilizotangulia. Radi nyingine ikapiga karibu zaidi.

"Bado nina ubeti mmoja," Mwalimu alisema. Hakuwa anatania. Ubeti huo ndio uliomleta.

Mimi ambaye siwezi kufunga mlango mara moja nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mwalimu, jua linazama."

Alinitazama. Nimeangalia uso ule tangu utotoni na sikuweza kuusoma. Kisha akavua hedfoni, akaziweka mezani kwa utaratibu, nami nikahifadhi, nikafunga, nikazima kompyuta, nikazima kisanduku, nikachomoa plagi ukutani. Tulikuwa tumesimama kwenye kiza cha mvua pale stima iliporudi. Ilirudi kwa kishindo kimoja. Balbu ilipasuka juu ya vichwa vyetu, harufu ya kuungua ikaja kutoka kwenye spika za kanisa, kisha stima ikatoweka kabisa. Transfoma ya kilimani ilikuwa imepigwa.

Mwalimu alikung'uta vipande vya kioo begani.

"Haya," alisema.

Jua likazama kweli. Sabato ikaingia. Jumamosi jioni stima ilikuwa haijarudi, nikamfuata nyumbani na simu yangu ya kioo kilichopasuka, nikamwomba auimbe hapo ule ubeti mmoja. Aligusa shingo kwa vidole viwili. "Sauti imeshalala, baba. Ulizitumia 'tena' zote." Alisema akitabasamu, ila hakuimba. Jumapili alipelekwa mjini.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Nilikuwa na wimbo ambamo mama hafiki nyumbani. Na katika ubeti wa mwisho niliokuwa nao, Ijumaa alisikika akilia kwenye kila pumzi. Nilijaribu kila njia niliyowahi kujifunza kumfuta, lakini nilipomkata yeye nilikata na mwisho wa maneno ya Mwalimu. Nilikuwa naandika ujumbe wa kumwuliza kama nilikosea kuzima, naufuta, naandika mwingine. Habari zilizotoka hospitalini zilisema anaendelea vizuri na ameambiwa asizungumze.

Alikuja siku ya jua. Nilisikia mwavuli ukigongwa mlangoni. Alikuwa amekonda, kitambaa kipya shingoni, na aliposema "Bwakire, baba," salamu yetu ya asubuhi, ilitoka sauti kama karatasi inayokunjwa. Nikampa kiti.

"Weka nisikie."

Nikaweka. Alisikiliza amefumba macho, kidole kinahesabu mapigo gotini. Ulipofika ubeti ule alikunja uso.

"Nani huyo anaimba na mimi?"

"Ijumaa. Nimejaribu kumtoa, Mwalimu. Natafuta njia nyingine."

"Yuko kwenye noti?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilirudisha nyuma, nikasikiliza. "Yuko kwenye noti ya la. Karibu kabisa."

"Basi mwache. Wengi katika kwaya hii hawajafika hapo."

Wimbo ulikatika pale nilipoukata.

"Ubeti wa mwisho, Mwalimu," nikasema. "Nilikunyima. Sijui kama ningengoja kidogo..."

"Nani alikuambia ni wangu?"

Aliinuka akafungua mlango. Nje kwenye nyasi kwaya yote ilikuwa imekaa, imevaa nguo za shambani, Shemasi mbele na vidole vyenye utomvu wa ndizi. Sikuwa nimewasikia wakifika. Waliingia wakabanana katikati ya trei za mayai, kinanda kikaletwa na kuchomekwa. Hakuna aliyewahi kufundishwa ubeti ule. Wala hakukuwa na asiyeujua.

Mwalimu aliinua mikono, nami nikaanza kurekodi. Kinanda kikatoa noti, wakaanza, chini, kwa woga, kila mtu akimwachia mwenzake. Mama alikuwa ameufikia ua. Mwalimu alisogea ukutani polepole, kama mtu anayetafuta kiti. Akaishika plagi. Akaivuta.

Kinanda kilizimika, wao wakabaki, na kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kujificha nyuma yake waliongeza sauti. Midomo ya Mwalimu ilikwenda na maneno bila kutoa chochote. Mama akaingia jikoni, akaweka kaa, akapuliza. Katikati ya mstari wa mwisho Shemasi alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu aliyekizuia muda mrefu, na jogoo wa jirani akajibu.

Wimbo ukaisha. Mwalimu alirudisha plagi, akabonyeza noti moja. Zilikutana.

"Haya," ilisema ile sauti ya karatasi.

Kisha akanigeukia, na kwaya yote ikanigeukia, Shemasi ameziba mdomo kwa mkono kama mshtakiwa. Mwalimu aliinua nyusi zake.

"Tena?"

Nilikuwa nimekwisha kubonyeza.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Nimehifadhi."